Cha Mvunguni: Besi Ikae Noti Gani?

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa Kinondoni, Dar es Salaam, mbele ya maprodyuza na mafundi mitambo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni vicheko, na simu mbili zilizolia katikati.

Asalamu aleikumu. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa "oya", oya. Mzee wangu pale mstari wa mbele, shikamoo.

Nimeombwa nizungumzie sabu, ile besi ya chini kabisa ambayo huisikii kwa masikio tu, unaisikia kwa kifua na kwa mabati ya jirani. Kuitengeneza mnajua. Programu siku hizi zinakupa sabu iliyoiva, wewe unabonyeza tu. Swali langu ni dogo, na ndilo linalotuangusha: umeiweka noti gani? Siulizi umeipandisha volyumu mpaka wapi. Nauliza noti.

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Haya, tuiname. Ila mvungu nao una sakafu, na mimi nimeshaigonga kwa paji la uso.

Nianze na aibu hiyo. Miaka ya nyuma nilikuwa nimepanga chumba Mwananyamala. Usiku mmoja nikatengeneza biti kwa hedifoni za kuazima. Kii, yaani noti ya nyumbani ya wimbo, ilikuwa C. Sabu nikaishusha mpaka C ya mwisho, ile ambayo hata kwenye piano kubwa hakuna C nyingine chini yake. Ni hezi 32.7, yaani wimbi linakwenda na kurudi mara 32 na kitu kwa sekunde moja. Ndani ya hedifoni ilikuwa tamu mno. Inanong'ona mpaka kwenye kisogo. Nikalala najua kesho mji utanitambua.

Jumamosi yake kukawa na shughuli mtaa wa pili, wanamcheza mwali. Nikampa fundi mitambo flashi. Ngoma ikaanza, vinanda vikaingia, sauti ya binti ikaingia, watu wakasogea. Besi ikaingia. Yaani niliiona ikiingia, sikuisikia. Karatasi za wufa, zile spika kubwa za besi, zilikuwa zinavimba na kunywea kama mashavu ya mpiga zumari. Upepo unatoka kwenye matundu ya masanduku mpaka khanga ya mama mmoja aliyesimama karibu inapepea. Sauti hakuna. Fundi akapandisha, karatasi zikazidi kuvimba, tukaanza kusikia harufu ya vanishi inayoungua. Yule mama akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo redio yako mbona inapumua tu, haisemi?"

Fundi akatoa flashi yangu, akaweka taarabu. Watu wakacheza.

Nilikaa na lile swali muda mrefu. Jibu nililipata kwa fundi mmoja wa kuchonga masanduku ya spika, pale Keko. Hakunifundisha kwa hesabu. Alichukua chupa ya soda ya kioo, tupu, akaweka mdomo kwenye shingo akapuliza. Vuuu. Akachukua chupa kubwa zaidi, akapuliza. Vuuu ya chini zaidi. Akagonga sanduku alilokuwa anapiga msasa, akasema, "Na hili ni chupa. Tundu lake hili ndiyo shingo. Lina noti yake moja linayoipenda." Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma wakimsema mtu mwenye maneno mengi. Kwa fundi yule ilikuwa kanuni ya kazi: unachonga debe tupu, unachagua lenyewe livume wapi.

Sasa, masanduku mengi ya shughuli hapa mjini ni ya namna hiyo, yana tundu, na mengi yamechongwa yavume mahali fulani kwenye hezi 40 na kitu. Juu ya hapo, karatasi ya wufa na hewa ya tunduni vinasaidiana. Ukifika kwenye noti ya sanduku, tundu ndilo linalofanya kazi kubwa, karatasi yenyewe inatulia. Ukishuka chini yake, ushirika unavunjika. Hewa ya mbele ya karatasi na hewa ya tunduni zinaanza kufutana, na sauti inaporomoka kwa kama desibeli 24, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kila oktava unayoshuka, yaani kila hezi zinapopungua nusu. Wakati huohuo karatasi imebaki peke yake, haina hewa ya kuizuia, inatupwa mbele na nyuma mpaka mwisho wa uwezo wake. Ndiyo ile kupumua. Ndiyo na ile vanishi: umeme wote unaishia kuwa joto kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi na kupakwa vanishi.

Hata bila tundu, hesabu ni ngumu. Ukitaka karatasi ileile itoe sauti yenye nguvu ileile oktava moja chini, ni lazima iende mbele na nyuma mara 4 zaidi. Mara 4! Wufa inayocheza milimita 3 kwenye hezi 60, kwenye hezi 30 unaidai milimita 12. Nyingi hazina hizo milimita. Kwa hiyo ukishusha sabu oktava nzima kwa kubonyeza kitufe kimoja, kitufe kwako hakina uzito. Uzito wote umemtwisha mwenye spika.

Na sikio nalo lina ubaguzi wake. Tunaambiwa sikio la binadamu linasikia kuanzia hezi 20 mpaka 20,000. Ni kweli, lakini halisikii kwa usawa. Mwaka 1933 Wamarekani wawili wa maabara za Bell, Fletcher na Munson, walipima jambo hili, na vipimo vimerudiwa na kuboreshwa tangu hapo. Chukueni sauti ya katikati, hezi 1,000, ya desibeli 40, kama watu wanaongea taratibu sebuleni. Ili hezi 100 isikike sawa na hiyo, inahitaji kama desibeli 64. Hezi 50 inahitaji kama 78. Hezi 31 na nusu, kama 88.

Tazameni hapo mwishoni. Kutoka hezi 50 kushuka mpaka 31 ni desibeli 10 za nyongeza, na desibeli 10 ni wati mara 10. Amplifaya ya wati 500 iwe ya 5,000, na hapo bado sijakudai mafuta ya jenereta. Ukipiga kwa sauti kubwa pengo hilo linapungua, ndiyo maana besi inanoga ukifungulia, lakini haliishi. Na ndiyo maana mtu anayemiksi usiku kwa sauti ya juu asubuhi anashangaa besi imekwenda wapi.

Kwa hiyo nasema, na mkinibishia tutabishana nje kwenye kahawa: chini zaidi si nzito zaidi. Uzito unakaa mahali spika na sikio vinakutana. Kwa mitambo yetu ya hapa, mimi naiweka sabu kati ya E na B ya oktava hiyo ya chini. E ni hezi 41.2, F ni 43.7, G ni 49, A ni 55 kamili, B ni 61.7. Hapo ndipo nyumbani. Naweza kugusa D, hezi 36.7, kwa noti moja ya kupita, kama mtu anayechungulia kisima. Kukaa huko, hapana. Na chini ya hezi 25 au 30 nakata kwa filta bila huruma, maana huko hakuna muziki, kuna upepo wa khanga.

Mzee wangu hapa amepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mzee, uzi wako mnene kabisa ni upi? (Akajibu: "E.") E! Hezi 41. Gitaa la besi la nyuzi nne linaishia hapo. Watu waliofuata Mlimani Park na Msondo Ngoma usiku kucha, wakarudi nyumbani na viatu mkononi, hakuna aliyelalamika kwamba besi haikushuka vya kutosha.

Sasa nije kwenye singeli, maana hapa ndipo tuna kitu cha kwetu ambacho wa nje wakija na vitabu vyao hakiwaingii.

Singeli inakimbia. Mapigo 200 kwa dakika ni ya kawaida, na wapo wanaofika 300. Chukua hiyo 300: pigo moja linakula milisekunde 200. Robo ya pigo, milisekunde 50. Sasa weka sabu yangu ya C ya aibu ndani ya hiyo robo. Wimbi moja la hezi 32.7 linahitaji kama milisekunde 30 kumaliza safari yake. Maana yake ndani ya noti hiyo yanaingia mawimbi 1 na nusu hivi, halafu noti imekwisha. Sikio halina muda wa kujua hiyo ni C, ni D, au ni mtu amefunga mlango wa gari. Ipandishe mpaka A ya hezi 55, unapata karibu mawimbi 3. Ipandishe mpaka G ya hezi 98, unapata karibu 5, na sasa noti ina jina.

Linganisha na amapiano ya ndugu zetu wa Afrika Kusini. Pale mapigo ni kama 112 kwa dakika. Besi ikidumu pigo moja tu kwenye E ya hezi 41, mawimbi 22 yamepita. Ina nafasi ya kuingia, kukaa kwenye kiti na kuvuka miguu. Ndiyo maana prodyuza anayetoka kutengeneza amapiano akahamishia sabu ileile kwenye singeli anapata tope. Mwendo ukiongezeka, noti ipande, au noti irefuke. Ukitaka sabu ya chini kwenye singeli, iachie ishike pigo zima au mawili wakati vitu vya juu vinakimbia. Mdundo wa chini utembee, wa juu ukimbie.

Na kuna jambo la kihistoria hapa ambalo watu hulitaja kama upungufu, mimi naliona tofauti. Singeli ilikua kwa kuchukua vipande vya taarabu na kuviharakisha. Ukiharakisha rekodi mara 2 bila kulinda noti, kila kitu ndani yake kinapanda oktava nzima. Sauti ya mwimbaji inakuwa ya kitoto, hilo kila mtu analisikia. Lakini na besi ya taarabu iliyokuwa kwenye hezi 55 imehamia 110. Watu wa nje husema, "Singeli haina besi." Ina besi, imehama ghorofa tu! Na ikatokea kwamba hapo juu ndipo spika ndogo za uswahilini, na mwendo ule, vinapoielewa. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walifika kwa njia ya mkato mahali ambapo mimi nilifikishwa na hesabu. Siku hizi programu zinaharakisha bila kupandisha noti, basi besi inabaki chini, na mtu anashangaa kwa nini ngoma mpya imekuwa nzito kutembea. Mjue sababu.

Swali linalonijia kila wiki: "Kaka, mwimbaji amekuja na wimbo wake uko C, nifanyeje?" Kwanza usigombane na mwimbaji. C una mbili: ya hezi 32.7, hiyo tumeshaizika, na ya 65.4, ambayo ni nyepesi kidogo lakini inasema. Shida ni kwamba ukiiweka nyumbani kwenye 65, halafu wimbo ukaenda G ya 49 na A-flati ya 52, noti za safarini zinakuwa nzito kuliko ya nyumbani. Kila wimbo unaporudi nyumbani, besi inakimbilia dirishani. Msikilizaji hajui kilichotokea, anajua tu kwamba kiitikio hakikumpiga.

Muulize: "Dada, tukishuka nusu toni, utakwama?" Mara nyingi atajibu hata hajaona tofauti. Nusu toni kutoka C ni B, hezi 61.7, na umeshaingia mlangoni. Akikubali toni moja na nusu umefika A, umekaa sebuleni. Lakini asipokubali, mwache na C yake. Wimbo ni wake. Nimeona prodyuza anambana binti wa watu aimbe mahali koo lake halifiki, ati kwa ajili ya sabu. Sabu ni nani?

Na msitazame noti ya nyumbani peke yake. Mtu anafurahi, "Wimbo wangu uko F, hezi 43, safi." Sawa, lakini unakwenda wapi? Ukienda D-flati, ya chini ni hezi 34.6, spika inapumua tena. Ya juu ni 69, ni mruko. Hapa kuna ujanja wa wapiga kinanda wa kwaya, na sisi tuuibe: akodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ya D-flati ina F ndani yake. Basi vinanda viende D-flati, sabu ibaki palepale F. Akodi imebadilika juu, chini ardhi haijatikisika. Mara nyingi inapendeza kuliko ulivyokusudia mwanzoni.

Nikae kidogo kwenye vyumba vyetu, maana huko ndiko tunakodanganywa.

Wengi wetu studio ni chumba cha kupanga, futi 10 kwa 12. Wimbi moja la hezi 50, kwa joto letu hili la nyuzi 30, lina urefu wa karibu mita 7. Basi zima la Coaster la Mbagala! Unataka kuiingiza chumbani. Haitaingia, itaingia nusu yake. Na nusu ya wimbi ikilingana na urefu wa chumba, chumba kinaishika noti hiyo na kuikuza kwenye kuta, halafu katikati ya chumba kinaiua. Upande wa futi 12 unashika kama hezi 48, ambayo ni jirani kabisa wa G. Upande wa futi 10 unashika kama 57, kati ya A na A-shapu. Mnaona balaa? Ni noti zilezile nilizosema ndiyo nyumbani kwa sabu.

Kwa hiyo prodyuza ameweka meza katikati ya chumba, kiti katikati, feni juu ya kichwa. Anapiga G, haisikii. Anaipandisha. Haisikii. Anaipandisha tena. Mama mwenye nyumba kule ukutani, kitanda chake kimeegemea ukuta huohuo, vyombo vinadondoka kabatini. Mama anakuja kugonga: "Baba, mbona unatuua?" Na wewe unamjibu kwa dhati ya moyo, "Mama, hata besi sijaweka." Wote wawili mnasema kweli.

Dawa yake haina gharama. Ukisikiliza sabu, simama, tembea. Katikati, kisha ukutani, kisha pembeni kwenye kona, kisha mlangoni. Noti inayobadilika sana ukitembea, usiiamini masikio ya kitini. Itazame kwenye mita. Na sogeza meza itoke katikati. Mimi nakaa kama theluthi moja hivi kutoka ukuta wa mbele, hakuna uchawi, panadanganya kidogo kuliko pengine.

Jingine dogo la hapa kwetu: umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, na G ni 49. Kama nyaya zako zina mvumo kwa sababu ya athi mbovu, sabu ya G na mvumo vitapishana kwa hezi 1, na utasikia besi inapanda na kushuka mara moja kila sekunde, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Nilimaliza siku nzima nikilaumu programu, kumbe ni waya.

Kiki. Nasema kiki ya ngoma, lile pigo zito la ngoma kubwa, siyo ile ya mitandaoni, hiyo wengine hapa mna shahada nayo. Kiki nayo ina noti. Ikiwa mkia wa kiki unaishia hezi 52 na sabu iko 49, watapigana mara 3 kwa sekunde. Amua nani analala chini. Kama kiki ni fupi na inakaa juu, sabu ichukue chini. Kama kiki ni nene, ya ile mashine ya Roland ya mwaka 1980, 808, yenye mkia mrefu, basi huo mkia ndiyo sabu yako, uutyuni kwenye kii ya wimbo na uache kuongeza nyingine. Na kutyuni huko usikufanye chini. Kati ya E na F pale kuna hezi 2 na nusu tu, sikio halioni. Pandisha oktava 2, tyuni ukiwa unasikia vizuri, kisha rudisha.

Mtu wa nyuma amenyoosha mkono tangu zamani. (Aliuliza: watu wote siku hizi wanasikiliza kwenye simu, sabu ya nini?) Swali zuri, na lina ukweli. Spika ya simu haitoi hezi 50, haitoi hata 100 ya maana. Lakini jiulize: mjomba wako mwenye sauti nzito akikupigia kutoka Tanga, sauti yake ya msingi ni kama hezi 100, na simu za kawaida zilijengwa kupitisha kuanzia 300. Mbona unamtambua na uzito wake? Kwa sababu noti huzaa. Noti ya 100 ina watoto: 200, 300, 400, 500. Sikio likisikia watoto wamepangana hivyo, linamtengeneza mzazi lenyewe.

Sabu ya saini, lile wimbi laini la mviringo, ni tasa. Haina watoto. Kwenye simu inapotea kabisa, hata ukiiweka noti sahihi. Basi ikwaruze kidogo, distosheni ndogo tu, izae. Sabu ya 49 ikizaa 98, 147, 196 na kuendelea, mwenye simu ataisikia G hata kama G yenyewe haipo. Na hapa tena noti inahusika: sabu ya hezi 33, watoto wake wa kwanza wako 66 na 99, nao simu haiwaoni. Sabu ya 55, mtoto wa tatu yuko 220, ameshafika kwenye simu. Ukichagua noti ya juu kidogo, unamsaidia hata mwenye simu ya tochi.

Nimalizie na daftari hili. (Nililinyanyua.) Limechakaa, limemwagikiwa chai. Baada ya ile Jumamosi ya vanishi nilianza tabia: nikialikwa mahali, nafika mapema kabla ya watu, namwomba fundi mitambo dakika 5. Napiga saini tupu, noti moja moja, kuanzia C mpaka C, kwa volyumu ya wastani, natembea ukumbini, naandika. Siandiki desibeli. Naandika kinachotokea. Ukumbi mmoja wa Temeke, nimeandika: "E, inakaa magotini. F, kifua. G, dirisha la choo linalia. A, nzuri mbele, nyuma hamna. D, anapumua." Kurasa ziko 40 na kitu. Nikiwa nyumbani natengeneza ngoma ya shughuli, nafungua hapa kabla sijafungua kompyuta. Na nikipitia kurasa zote, noti iliyopata "kifua" mara nyingi ni F. Ya pili ni G. C ya chini haijawahi kuipata hata mara moja.

Ukumbi huu sijaupima. Nimefika nimechelewa, foleni ya makutano ya Morocco mnaijua. Kwa hiyo tutaupima pamoja sasa hivi. Kila mmoja achague mahali: wengine ukutani, wengine katikati, wawili waende mlangoni. Mzee, wewe kaa hapohapo, tunahitaji kiti cha mbele. Dada mwenye kalamu, shika daftari, utaandika wanachosema wao, siyo ninachosema mimi.

Fundi, zima feni. Zote. Joto tutalivumilia. Tuanze na E.